Kesho yake ya fainali, tukaenda kuona Kambo

Tarehe 19 Desemba 2010, siku ya yenga, yaani Jumapili, Lubumbashi yote ilikuwa kama kuko kilio. Jana yake usiku Mazembe, timu yetu ya mpira, walipigwa tatu kwa sifuri na Inter ya Italia kule Abu Dhabi, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, sawa, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile, lakini asubuhi ile nani alitaka kusikia hiyo? Mimi nilitaka kulala. Mama akagonga mlango: "Amuka, tunaenda kuona Kambo."

Kambo ni mjomba wa mama. Alianza kazi zamani kwenye kampuni ya migodi, ingali inaitwa Union Minière, akatoka 2003 ikiwa Gécamines na wale zaidi ya 10,000 walioambiwa wachukue makuta yao, pesa yao, waondoke kwa hiari, hiari gani sijui. Watoto wake wako Johannesburg na Ubelgiji. Akili ilipoanza kupotea akawa anaamka saa kumi za usiku, anavaa buti, anasema firimbi imelia, mara tunamkuta barabarani anaelekea kwenye ile shemine kubwa, bomba la moshi la kampuni, na kwetu mchana kila mtu yuko kazini ao shule. Ndiyo akapelekwa kwa masista, wanakotunza wazee. Kartye, mtaa wetu, ikasema weee, eti tumetupa muzee.

Mi nilidhani tunaenda ju ya kupiga masolo, stori tu, asione upweke. Siku ile nikamwangalia mama vizuri. Kabla hata ya kukaa alishika mkono wa Kambo akaangalia kucha, akafunua blanketi akanusa, akainua pembe ya godoro, akatafuta sabuni ya yenga iliyopita akaikuta imebaki nusu, akanyamaza, na yote hiyo anaifanya huku anacheka na kusalimia kila kitanda. Mama wa kazi alisimama mlangoni anamtazama, na naona alielewa vizuri sana kwamba huyu muzee ana watu.

Wa kitanda cha pili sikuwahi kuona mtu wake hata siku moja. Kucha zilikuwa zimejikunja. Mama alipomaliza Kambo akahamia kwake na mkasi uleule, hakuomba ruhusa kwa mtu.

Kambo akauliza: "Englebert balicheza?" Kwake jina la Mazembe halijafika bado.

"Balipigwa, Kambo."

"Na nani?"

"Bazungu ba Italia."

Akafikiri. Yeye aliyesahau kama amekula asubuhi. "Mu 1967 Kotoko ba Ghana balikataa kukuya, kombe ikabakia kwetu. Aba ba Italia, balikuya?"

"Balikuya."

"Ah. Njo makosa iko paka pale."

Yule wa kitanda cha pili akaangua kicheko mpaka mama akampiga kofi kidogo mkononi, atulie, atamkata kidole. "Miye niko Lupopo," akasema, yaani timu pinzani ya mji wetu, ile ya reli, "jana nililala muzuri sana." Basi wakaanza, Kambo akamuita mutu wa reli, naye akajibu mambo ya mgodi ambayo siwezi kuyaandika hapa, sista akaja kuangalia kuna nini.

Tulipotoka mama akaacha sukari na sabuni mpya, akamwambia mama wa kazi tutarudi katikati ya yenga. Njiani nikamuuliza siku gani, nina mitihani mimi.

"Hata miye siyajua," akasema. "Na yeye asijue."