Kumbukumbu ya mradi: wiki 8 za mgongo wa chini

Wiki 0, vipimo

Mhusika ni fundi cherehani wa mashine ya kukanyaga, saa 8 kwa siku kitini. Kiuno kinauma kufika mchana, na maumivu hayashuki mguuni. Ganzi sehemu za siri, mkojo kushindwa kuzuilika, homa au mguu kulegea vingeufuta mradi siku hiyohiyo: hayo ni ya hospitali.

Kipimo cha kwanza ni kile cha Biering-Sørensen wa Denmark (1984): kulala kifudifudi, kiwiliwili kikining'inia nje ya kitanda kuanzia nyonga, miguu imeshikwa, na kukaa sambamba na sakafu hadi kishuke. Sekunde 74. Cha pili ni daraja la ubavu, yaani kulala ubavu na kujiinua juu ya kiwiko, mwili umenyooka: kulia sekunde 58, kushoto 41. Hapa ndipo penye kazi. Stuart McGill, mtafiti wa mgongo na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, anataka tofauti ya pande mbili isizidi asilimia 5 hivi. Hapa inakaribia 30.

Wiki 1–2

Mazoezi matatu ya McGill, kila siku. Kila rudio linashikiliwa sekunde 10, si zaidi, kwa seti za 6, 4, kisha 2. Mtu akitaka ustahimilivu zaidi aongeze marudio, sekunde aziache. Msuli ukikazwa muda mrefu hukosa oksijeni, umbo linaharibika, na mwili unajifunza umbo bovu.

Kunyanyua kichwa na mabega: chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno ili uwazi wake ubaki. Kichwa na mabega vinapanda sentimita chache tu, kama kichwa kimeondolewa kwenye mizani. Kosa la kawaida ni kuvuta kidevu kifuani. Shingo inachoka kabla ya tumbo.

Daraja la ubavu lilianzia magotini, kiwiko chini ya bega kabisa. Nyonga ikirudi nyuma, zoezi limekwisha hata kama saa inaendelea.

Kunyoosha mkono na mguu wa kinyume pamoja, mtu akiwa amepiga magoti na viganja chini: kikombe cha maji juu ya kiuno. Kikimwagika, mara nyingi ni mguu umepanda kupita usawa wa mgongo.

Ubavu dhaifu unatangulia, na ule wenye nguvu haupewi rudio hata moja la ziada. Ukipewa, pengo linabaki palepale huku namba zote mbili zikipendeza.

Wiki 3, kurudi nyuma

Maumivu yalipanda kutoka 3 hadi 5 kati ya 10. Sababu zilikuwa mbili.

Kwanza, mazoezi yalikuwa yakifanywa mara tu baada ya kuamka. Usiku diski za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo kuinama saa ya kwanza ya asubuhi kunazibana zaidi. Ratiba ilisogezwa. Ufagio wa chelewa nao ukaahirishwa hadi baada ya chai. Kufagia uwanja umeinama alfajiri ni mzigo kuliko zoezi lolote lililo hapa.

Pili, kunyoosha misuli ya nyuma ya paja kwa kushika vidole vya mguu. Mvuto ulikuwa unaongezeka kichwa kikiinamishwa. Msuli wa paja haufiki kichwani; hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu, na mshipa wa fahamu uliochokozwa hauvutwi. Zoezi likaondolewa, na siku 4 baadaye maumivu yakarudi 3.

(Mchoro wa daktari Vladimir Janda wa Czech wa misuli iliyokaza na iliyolegea, ule wa msalaba kiunoni, unasaidia kujua pa kutazama. Usitumike kama hukumu: wengi wana kiuno kilichobinuka na hawaumwi.)

Wiki 4–6

Kuinama kwa nyonga, mpini wa fagio mgongoni ukigusa kisogo, kati ya mabega na juu ya makalio. Mguso mmoja ukipotea, kiuno ndicho kimekunjika.

Kunyanyua makalio ukiwa chali: paja la nyuma lilikamata kwa sababu visigino vilikuwa mbali. Vikisogezwa karibu na makalio, kazi inahamia makalio.

Dumu la lita 5, baadaye 10, mkono wa kulia, hatua 30 mara 4. Mkono wa kulia makusudi: mzigo wa kulia hubebwa na ubavu wa kushoto.

Kiti kiliongezwa sentimita 5 za blanketi lililokunjwa ili nyonga zipite magoti kidogo. Kusimama kila dakika 30, hata kama ni kwa kupiga pasi.

Wiki 8

Mgongo sekunde 103. Ubavu wa kulia 66, wa kushoto 60. Pengo ni asilimia 9, bado halijafika 5. Maumivu 1, jioni tu. Wiki 9–12: dumu linabaki kulia, daraja la ubavu linahama kutoka magotini kwenda miguuni, na kupima tena ni baada ya wiki 4.