Kwaheri fundi wa Mbuyuni

Habari ilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la wana Moshi tulioko Ulaya, katikati ya picha za harusi na salamu za Jumapili: fundi baiskeli wa karibu na soko la Mbuyuni anafunga mwisho wa mwezi. Kufika jioni tayari tulikuwa na mweka hazina. Mtu wa Stockholm ameahidi, wa Leicester ameongeza, na dada mmoja wa Hamburg ameshatengeneza tangazo la "Okoa Kibanda Chetu". Kwa michango hatujambo.

Nikauliza: kuna aliyemuuliza mzee mwenyewe? Kimya. Baadaye vikaja vidole gumba viwili, sijui ni vya kunikubalia au vya kuninyamazisha.

Kwa ambao hamkukulia kule, mji wa Moshi umekaa miguuni mwa mlima, na baiskeli nyingi alizoshika mzee zilikuwa za watu wa kuteremka. Maziwa ya Kibosho, ndizi za Uru, alfajiri na mapema, keria imelemewa. Kurudi wanasukuma. Kwa hiyo kilichokuwa kinakufa kila mara ni breki. Zile Phoenix, Raleigh na Swala breki zake ni za vyuma, si za waya, na raba zikiisha anayeshuka na madumu inabidi asimame kwa kisigino na dua. Mzee alikata raba mpya kutoka tairi kuukuu la gari, kwa kisu kile kile alichomenyea machungwa. Zilipiga kelele hizo raba, mtu anasikika kutoka mbali anakuja, lakini zilishika.

Kazi niliyopenda kuitazama ni kunyoosha rimu. Anapindua baiskeli, usukani na tandiko chini, anazungusha gurudumu huku ameshika kipande cha chaki karibu na rimu bila kukigusisha. Chaki ikigusa, hapo ndipo palipopinda. Analegeza spoku za upande huo, anakaza za upande wa pili, robo mzunguko tu, anazungusha tena. Rimu iliyogonga mtaro na kutoka kama sambusa ingemchukua mchana mzima. Hakuwa na haraka na hakutaka uwe nayo. Ukimuuliza bei anakwambia, "Lete ulichonacho, kesho si utapita?" Deni aliliandika ukutani kwa chaki hiyo hiyo, na mvua ya masika ilikuwa inafuta baadhi. Naamini alilijua hilo vizuri tu.

Sasa mimi naishi Utrecht. Chini ya stesheni kuu kuna maegesho ya baiskeli ya ghorofa tatu, nafasi 12,500, na nchi nzima ina baiskeli nyingi kuliko watu. Ungedhani huku fundi analala usingizi wa kifalme. Lakini rimu ikipinda wanakuuzia gurudumu jipya, kwa sababu saa moja ya mtu ni ghali kuliko chuma. Siwalaumu, ndivyo hesabu yao inavyotoka. Kwa mzee hesabu ilikuwa kinyume: chuma ghali, muda upo.

Kilichonifurahisha huku ni kwamba baiskeli za kizamani za Kiholanzi, zile nyeusi za kukaa wima, nyingi zinavaa tairi lile lile la Phoenix, 28 x 1½. Tangu nilipoligundua hilo, sikuwahi kwenda likizo bila jozi kwenye begi.

Kule nyumbani nako hesabu imegeuka. Maziwa na ndizi siku hizi vinashuka kwa bodaboda. Baiskeli zinazonunuliwa mjini ni za mtumba, zina gia na breki za waya, na zikiharibika unatafuta kifaa cha kampuni ambayo muuza spea hajawahi kuisikia. Hata kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedali, mzee alikuwa anaagizia Dar.

Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko imeisha?"

Nikamweleza habari ya mchango. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mnanilipa nichuchumae hapa, mkija likizo mnipige picha?"

Akaniambia magoti yamekataa, na macho nayo: spoku na tundu lake havikutani tena. Amechoka. Hana uchungu, ila anasikitikia kivuli cha ule mwarobaini. Kama pesa zinatuwasha, akasema, tumnunulie kompresa yule kijana aliyejifunzia kwake, ambaye sasa anatengeneza bodaboda ng'ambo ya barabara na kujaza upepo kwa pampu ya mguu.

Nilipopeleka majibu kundini, ndugu yetu wa Leicester akaandika kwamba mzee haelewi thamani ya kile alichonacho. Anaielewa kuliko sisi. Sisi tunataka Moshi ibaki pale pale tulipoiacha siku ya kupanda ndege, na gharama ya kuishikilia alipe mtu mwingine kwa magoti yake. Niliandika hivyo hivyo, na watu wawili wakajitoa kundini. Mmoja amerudi.

Mchango unaendelea, ila sasa ni wa kompresa. Mweka hazina ni yule yule, tangazo limebadilishwa.

Na mzee alipokuwa anakata simu akakumbuka kitu: "Yale matairi usiache kuleta. Baiskeli yangu mwenyewe naipanda bado." Jozi ninayo tayari. Tairi hilo la waya ukilikunja pete tatu linaingia hata kwenye begi dogo, na halifiki kilo mbili. Mimi likizo sina mpaka Desemba. Nani anatua KIA kabla ya hapo na ana nafasi?