Usimshuhudie Jirani Yako Uongo

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikundi cha kujifunza Biblia, nilisema kwa kujiamini kwamba Waislamu hawamheshimu Yesu, wala hakuna aliyenipinga, kwa kuwa sote tuliokuwapo tulikuwa Wakristo. Siku chache baadaye niliyarudia maneno hayo mbele ya Mwislamu niliyefanya kazi naye. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, umeyasoma wapi hayo?" Kisha akanifungulia Kurani, sura ya 19, iitwayo Maryamu, akanionyesha habari za bikira aliyepewa mtoto bila kuguswa na mwanamume. Nilitahayari.

Tangu siku hiyo, amri isemayo "Usimshuhudie jirani yako uongo" naisoma kwa namna nyingine. Tumezoea kuihusisha na mahakama na kesi za mali, kumbe inatubana pia tunapomweleza jirani wa dini nyingine wakati yeye mwenyewe hayupo kujitetea. Kipimo nilichojiwekea ni kwamba, kama angekuwa amesimama nyuma ya mlango akinisikiliza, angekiri kuwa hiyo ndiyo imani yake, hata kama hatakubaliana na maoni yangu juu yake. Sisemi tufiche tofauti zetu. Kurani inakana kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu na kwamba alisulubiwa, nami siwezi kuyaita hayo mambo madogo, maana ndiyo kiini cha imani yangu.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Paulo kule Athene, katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Luka anasema wazi kwamba roho ya Paulo ilichukizwa alipoona jinsi mji ulivyojaa sanamu. Hata hivyo, aliposimama Areopago, mahali pa baraza la mji huo, hakuanza kwa kuzikejeli sanamu hizo. Alikuwa amezunguka mjini akitazama, mpaka akasoma maandishi ya madhabahu moja, "Kwa Mungu asiyejulikana," naye akaanzia hapo hapo. Tena akanukuu maneno ya washairi wao, si ya manabii wa Israeli ambao wasikilizaji wake hawakuwajua. Mwishoni aliwaambia habari za ufufuo bila kupunguza neno, na baadhi yao wakamdhihaki. Sisi wengi tuna ile chuki ya Paulo dhidi ya sanamu, ila hatuna subira yake ya kutembea na kusoma kwanza. (Nami nimo.)

Kuhusu kula pamoja na watu wa dini nyingine, Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba asiyeamini akiwaalika, nao wakipenda kwenda, wale kinachoandaliwa bila kuulizauliza, isipokuwa mtu akiwaambia kwamba kimetolewa sadaka kwa sanamu.

Panaponitatiza zaidi ni kuhudhuria ibada yao, kwa mfano kwenye maziko ya rafiki. Naamani, jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma, alimweleza nabii Elisha kwamba kazi yake itamlazimu kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, mfalme wake akiegemea mkono wake, akaomba Bwana amsamehe kwa jambo hilo. Elisha hakumwekea masharti wala hakumhubiria. Alimjibu, "Enenda kwa amani," na Naamani akashika njia kurudi kwao, nyumbu wake wamebeba udongo wa Israeli.