Ukiifuta methali, kinabaki nini?

Mada ya mdahalo wa shule ilikuwa kama wanafunzi wa bweni waruhusiwe kuwa na simu. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwepesi wa ulimi, akasimama upande wa watetezi: "Shule nzima inataka simu. Wengi wape!" Madawati yakapigwa kama ngoma. Mpinzani wake, aliyekuja na karatasi iliyojaa hoja, akaketi kimya.

Methali hiyo nilimfundisha mimi. Kila mwaka nawahimiza wapambe insha kwa methali, na sikuwahi kuwaambia kwamba methali huweza kufunika shimo la hoja. Iliniuma.

Muhula uliotangulia niliwapa orodha ya makosa ya mantiki (Aristotle alitaja 13), wakakariri majina. Mdahaloni wakawa wanarushiana majina hayo kama mawe, na hoja yenyewe haiguswi.

Safari hii nikaandika methali ubaoni, nikawauliza: ukiifuta hii, kinabaki nini? Kwa "Wengi wape" kilibaki kwamba wengi wanataka. Je, simu itawasaidia au itawadhuru? Hakuna aliyekuwa amesema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" tuliimaliza haraka: mkuu naye ana sababu, basi itajwe. Iliyotuchukua muda ni "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Hiyo hugeuza uvumi kuwa ushahidi, nami naiogopa. Sisi tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunajua uvumi unavyoweza kumtoa mtu na jirani yake barabarani usiku.

Kisha kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, tulipofanywa jiji, heroe, wale flamingo, wakapungua ziwani. Dalili ya mvua ni mawingu."

Nilifurahi mno, maana kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho chanzo lilikuja lenyewe, na la nyumbani. Tukachora mstari wa miaka. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda karibu miaka kumi kabla ya hapo. Maji yakizidi, magadi huzimuliwa, mwani wanaoula heroe hupungua, nao huruka kwenda Ziwa Bogoria na kwingineko. Kwa hiyo hata ule mpangilio wa "hili lilitangulia lile" haukuwepo. Na kama ungekuwepo, bado angehitaji kutueleza hadhi ya jiji inamfukuzaje ndege. Kijana aliutazama mstari, akaja mbele, akalifuta neno "jiji" kwa kiganja.

Juzi yule msichana alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, nikishatoa sababu zangu, naruhusiwa kumalizia kwa methali?"

"Sababu zipi?"

Akafungua daftari. Jumamosi alikuwa amekaa kando ya foleni ya simu ya matroni, akiandika saa aliyofika kila msichana na saa aliyopata zamu. Wa mwisho alisubiri zaidi ya saa mbili, na alipopiga, mamake hakupatikana.