Mungu Hana Dalali

Mwaka 1643 kijana wa miaka 19 aitwaye George Fox aliondoka nyumbani kwao Leicestershire, Uingereza, akaenda kuwatafuta watu wa dini wamweleze kwa nini roho yake haikuwa na raha. Kasisi mmoja alimshauri avute tumbaku na kuimba zaburi, kisha akawasimulia watumishi wake siri za kijana huyo, hata wasichana wakamuaji wa ng'ombe wakazijua. Mwingine, mwanachuoni wa Coventry, alikuwa akizungumza naye bustanini Fox alipokanyaga kwa bahati mbaya ukingo wa tuta la maua, na mzee yule akaghadhibika kana kwamba nyumba yake imeshika moto. Mnamo mwaka 1647, alipokuwa amekata tamaa na wote hao, Fox alisikia sauti ikimwambia kwamba yupo mmoja, Kristo Yesu, awezaye kusema na hali yake. Huo ndio mwanzo wa Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo waumini wake wengi huwaita Makweka (Quakers).

Habari hiyo hunijia kila ninaposikia ikisemwa kwamba majibu yote ya kiroho yamo ndani ya mtu. Fox hakusema hivyo hasa. Hakudai kwamba yeye mwenyewe ndiye jibu, bali kwamba Mungu hahitaji dalali, na kwamba nuru anayompa mtu moyoni haiuzwi wala haikodishwi na yeyote. Tofauti hiyo naiona kubwa sana, kwa sababu moyo una sauti nyingi, zikiwemo za hofu, za tamaa na za kisasi, na si kila inayotoka ndani imetoka kwa Mungu.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliifikisha imani hiyo Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko yetu. Mimi nimelelewa humo. Ibada zetu zina mchungaji, kwaya na mahubiri marefu, tofauti na zile za Marafiki wengi wa Uingereza ambao hukaa kimya mpaka mmoja wao asukumwe kunena, nami nazipenda nyimbo zetu kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba sisi tuliorithi fundisho hilo tunapanga foleni pamoja na wengine mbele ya wauzaji wa mafuta ya upako, na tunatuma sadaka kwa simu ili tutabiriwe.

Hatari ya kuikabidhi dhamiri yako kwa mtu mwingine tumeiona hapa kwetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu, wengi wao wakiwa wameambiwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Lakini hata wenye kufuata nuru ya ndani hawakusalimika na upotofu. Mwaka 1656 James Nayler, mhubiri mashuhuri wa Marafiki, aliingia Bristol akiwa amepanda farasi huku wafuasi wake wakimwimbia "Mtakatifu, Mtakatifu", kama Kristo alivyoingia Yerusalemu. Bunge lilimhukumu kwa kukufuru. Alichapwa viboko, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto na kupigwa chapa kwenye paji la uso. Adhabu hiyo ilikuwa ya kikatili, na siitetei hata kidogo. Hata hivyo, baada yake Marafiki walizidi kusisitiza kwamba msukumo wa mtu mmoja upelekwe mbele ya wenzake ukapimwe.

Kipimo ninachokiamini mimi nakipata kwa John Woolman, muumini wa Marafiki aliyekuwa karani wa duka huko Mount Holly, New Jersey, Marekani, katika miaka ya 1740. Siku moja tajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi, na mnunuzi alikuwa mzee wa imani yake mwenyewe. Sheria iliruhusu, mwajiri aliamuru, mzee wa dini alikuwa ameketi hapo akingoja karatasi. Woolman aliiandika, lakini moyo ulimsuta papo hapo, akawaambia wote wawili kwamba aliamini utumwa haupatani na dini ya Kikristo. Baadaye alipoombwa na mwingine aandike hati kama hiyo alikataa, kisha akatumia miaka mingi kuwatembelea Marafiki wenye watumwa na kusema nao nyumbani mwao. Alifariki mwaka 1772 kwa ndui mjini York. Miaka minne baadaye Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, yaani baraza kuu la Marafiki wa eneo hilo, uliwapiga marufuku waumini wake kumiliki watumwa. Sauti aliyoitii haikumpa cheo wala mali. Ile inayoniahidi faida naishuku kwanza.

Marafiki wana desturi ya kumwita mtu mwenye jambo zito aketi na wenzake wachache, ambao hawaruhusiwi kumshauri, ila kumwuliza maswali tu na kunyamaza. Niliwaomba watu wanne wa kanisani kwetu wanifanyie hivyo, kwa sababu nilikuwa nimegombana na kaka yangu juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba na nilikuwa siwezi tena kusali Baba Yetu hadi mwisho. Kabla ya hapo mhubiri mmoja alikuwa amenitabiria ushindi mahakamani. Wanne hawa hawakunitabiria lolote. Baada ya kimya kirefu, mama mmoja mzee aliuliza, "Mwanangu, kaka yako akifiwa kesho, utakwenda kuchimba kaburi?" Nilijua kwamba ningekwenda, na nilijua pia kwamba sikuhitaji kungoja msiba. Jumapili ile ile nilikwenda kwake, shemeji akatupikia ugali na kuku, tukazungumza mpaka usiku. Suala la mpaka bado liko kwa wazee wa ukoo, na kila mmoja wetu angali anaamini kwamba mti wa mpakani ni wake.