Fizi, mifupa na dawa ya kifafa

Unayemeza fenitoini, dawa ya kifafa, kwa miaka, jitazame fizi kwenye kioo. Zikinenepa na kupanda juu ya meno, dawa inahusika, na uchafu wa meno huzidisha. Tumia mswaki laini asubuhi na usiku, dakika 2, ukiupitisha pale fizi inapokutana na jino.

Fenitoini, na dawa nyingine za kifafa, fenobabito na kabamazepini, pia hupunguza vitamini D, mifupa ikadhoofu. Kusaidia mifupa, hapa Tanga dagaa wapo. Uwale pamoja na miba yao.

Dada zangu, dawa hizo tatu huvunja nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Kitanzi cha shaba hakiathiriki. Mwambieni nesi mapema, jamani!

Dozi usiikate ghafla: kifafa hurudi, pengine mfululizo. Daktari huishusha kidogo kidogo.