Mgombea Mwenza na Swali Tusilopenda Kuliuliza

Jumatatu ya tarehe 16 Mei 2022 nilikuwa nimeketi kwa fundi wa nguo mjini Nakuru, nikisubiri suruali yangu ipunguzwe urefu, huku redio iliyowekwa juu ya rafu ya vitambaa ikitangaza moja kwa moja kutoka jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais wa Kenya katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo, alikuwa anakaribia kumtaja mgombea mwenza wake. Jina la Martha Karua lilipotoka, yule mama fundi aliondoa miguu yote miwili kwenye kanyagio la cherehani na kuiacha sindano ikiwa imezama katikati ya pindo. Hakushangilia. Alitulia kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo na sisi tumetajwa, Mwalimu." Mzee mmoja aliyekuja kuchukua koti lake hakumsikia, kwa kuwa alikuwa ameinamia redio, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kalonzo je?" Naye kijana aliyekuwa akipiga pasi karibu na mlango alisema kwamba hilo halibadilishi kitu, maana yeye alikwishaamua kura yake ni ya nani tangu mwaka uliotangulia.

Nimekifikiria chumba kile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu jina lililotangazwa lilikuwa moja, na kila mmoja wetu alisikia habari yake tofauti. Fundi alisikia habari ya wanawake, mzee akasikia habari ya mtu aliyeachwa, na kijana akasikia kwamba mambo yako pale pale. Hakuna kati yetu, nami nikiwemo, aliyeuliza kama Martha Karua angeweza kuiongoza Kenya iwapo Rais angefariki katikati ya kipindi chake. Hilo ndilo swali ambalo Katiba inamwekea mgombea mwenza, nalo ndilo tunalolikwepa.

Katiba ya mwaka 2010 haina utata hapa. Kifungu cha 148 kinamtaka kila mgombea urais amteue mtu mwenye sifa zile zile za kugombea urais awe mgombea wa kiti cha naibu, na hakuna uchaguzi wa pekee unaofanywa kwa ajili ya naibu huyo. Anayechaguliwa kuwa Rais anaingia naye. Kifungu cha 146 kinasema kwamba kiti cha Rais kikibaki wazi, naibu anakikalia kwa muda wote uliosalia. Kwa hiyo alama moja unayoitia kwenye karatasi ya kura inawachagua marais wawili, mmoja wa sasa na mmoja wa akiba, na huyo wa akiba anaweza kuongoza kwa miaka minne na zaidi bila ya kurudi kwako kukuomba kura.

Hali haikuwa hivyo zamani. Chini ya Katiba iliyotangulia, Rais alimteua makamu wake baada ya kushinda, akambadilisha alipotaka, na hata akakiacha kiti hicho kitupu, kama alivyofanya Daniel arap Moi baada ya uchaguzi wa mwaka 1997 mpaka alipomrejesha Profesa George Saitoti mnamo Aprili 1999. Wazazi wetu walipiga kura kwa miongo mingi bila ya kujua makamu atakuwa nani. Sisi tumepewa jina kabla ya kura, na hiyo ni haki kubwa, ndiyo maana inaniuma kuona jinsi tunavyoitumia.

Turudi Mei 2022. Siku moja kabla ya tangazo la KICC, yaani Jumapili ya tarehe 15, William Ruto, mpinzani mkuu wa Raila, alimtangaza mwenza wake, Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira wakati huo, akiwa katika makazi yake ya Karen, baada ya mashauriano marefu. Wengi walikuwa wamemtarajia Profesa Kithure Kindiki, na uchungu wa waliomtaka ulionekana wazi. Watu wa Tharaka Nithi na Meru waliisoma hatua hiyo kama ishara kwamba upande wao wa Mlima Kenya unahesabiwa wakati wa kura na kusahaulika wakati wa vyeo, huku wengi wa Nyeri wakiisoma kama heshima. Kulikuwa na waliompenda Gachagua kwa sababu hamumunyi maneno, na wengine walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Kindiki mwenyewe alisema kwamba hatagombea kiti chochote katika uchaguzi huo, na nakumbuka rafiki yangu mmoja kutoka Chuka akiniambia kwamba atapiga kura, lakini hatavaa tena fulana ya chama.

Kauli hiyo ya fulana inafundisha zaidi kuliko hesabu nyingi za wachambuzi. Wiki zile, kila redio ilikuwa na mtu anayejumlisha kura za Mlima na kuzigawa kati ya kambi mbili kana kwamba mgombea mwenza ni ufunguo wa ghala. Kambi zote mbili zilikuwa zimechukua mtu wa Mlima, Gachagua wa Nyeri na Karua wa Kirinyaga, na kura zilipohesabiwa baada ya tarehe 9 Agosti, Mlima ulimpa Ruto kura kwa wingi mkubwa, Kirinyaga ikiwemo, kaunti ambayo Karua aliwahi kuwa mbunge wake wa Gichugu kwa miaka 20. Matokeo ya taifa zima yalikuwa kura 7,176,141 za Ruto dhidi ya 6,942,930 za Raila. Mpiga kura wa Mlima hakumkataa binti yake, bali alikuwa ameshaamua mapema kwa sababu nyingine kabisa: hali ya uchumi, na hasira dhidi ya maridhiano ya Machi 2018 kati ya Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, na Raila ambayo wengi kule waliyaona kama usaliti kwa Ruto. Jina la mwenza lilikuja likakuta mlango umefungwa.

Kwa maoni yangu, mgombea mwenza haleti kura nyingi mpya. Kazi yake kubwa ni kuzuia waliopo wasinune. Tazama Ukambani. Kalonzo Musyoka alikuwa mwenza wa Raila mwaka 2013 na tena 2017, na safari hii akatakiwa kufika mbele ya jopo la mahojiano kama mwomba kazi. Alipokosa, alitangaza siku ile ile ya tarehe 16 Mei kwamba atawania urais yeye mwenyewe, kisha akarejea Azimio, muungano wa Raila, tarehe 2 Juni. Katika wiki hizo mbili nilizungumza na walimu wenzangu wanaotoka Machakos na Kitui, na sikusikia hata mmoja akilalamika kwamba Karua hana uwezo. Malalamiko yao yalikuwa juu ya namna mzee wao alivyotendewa. Walichokuwa wakikipima ni adabu ya mgombea urais mwenyewe: je, huyu mtu anamkumbuka aliyesimama naye mara mbili?

Naona hapo ndipo wapiga kura wanapokuwa na busara kuliko wanavyosifiwa. Uteuzi wa mwenza ni uamuzi wa kwanza mkubwa ambao mgombea anaufanya mbele ya macho yetu kabla hajawa Rais, kwa hiyo tunamsoma yeye kupitia mtu aliyemchagua. Tunaangalia kama amemchagua mtu anayeweza kumwambia hapana au mtu wa kuitikia tu. Kama amewasikiliza washirika wake au ameamua usiku peke yake. Kama ameogopa kuchukua mtu mwenye nguvu. Hayo ni maswali halali. Tatizo ni kwamba tukishamaliza kumsoma aliyeteua, tunamwacha aliyeteuliwa bila ya kumsoma.

Kuhusu wanawake nina mengi ya kusema, maana kati ya wagombea wanne wa urais mwaka ule, watatu waliwachagua wanawake: Raila na Martha Karua, David Mwaure na Ruth Mutua, George Wajackoyah na Justina Wamae. Haikuwahi kuwa hivyo. Hata hivyo, mazungumzo niliyoyasikia kuhusu Karua, mwanasheria aliyewahi kuwa Waziri wa Haki na kujiuzulu mwaka 2009, na ambaye aligombea urais mwaka 2013, yalirudi mara kwa mara kwenye ndoa yake, sauti yake na uso wake usiocheka ovyo. Tabia ambayo kwa mwanamume tunaiita msimamo, kwake iliitwa ukali. Niliwasikia wanaume wenye elimu yao wakisema hivyo kwenye chumba cha walimu, na niliwasikia wanawake pia. Sikuwajibu kama nilivyopaswa kuwajibu, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Yule fundi nilimrudia baada ya uchaguzi. Aliniambia bila ya kuficha kwamba alifurahi sana siku ile ya Mei na kwamba binti yake wa darasa la saba alilikata jina la Karua gazetini akalibandika ukutani, lakini kura yake aliipeleka upande wa pili kwa sababu ya mkopo wa biashara alioahidiwa. "Furaha yangu ilikuwa ya kweli, na kura yangu pia ilikuwa ya kweli," alisema. Sikuona unafiki wowote katika maneno hayo. Kupenda uteuzi na kupiga kura ni mambo mawili, na wanaotabiri matokeo kutokana na shangwe za siku ya tangazo wangefanya vyema kuketi naye kwa nusu saa.

Mjadala wa wagombea wenza wa tarehe 19 Julai 2022 ndio ulikuwa nafasi yetu ya kuwaona wakiwa wenyewe. Karua na Gachagua walisimama jukwaa moja Nairobi, na kesho yake mtaani kila mtu alikuwa na hukumu yake juu ya nani alimbana nani. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema, "Huyu nimemwona, na nikiamka siku moja nimkute Ikulu sitatetemeka," au kinyume chake.

Kwa nini tunalikwepa swali hili? Nafikiri jibu lipo katika historia yetu na katika malezi yetu. Mwaka 1976, wakati Mzee Jomo Kenyatta alipokuwa amedhoofika, kundi la wanasiasa lilitaka Katiba ibadilishwe ili makamu asimrithi Rais moja kwa moja, na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawaonya kwamba ni kosa la jinai kuwazia kifo cha Rais. Kampeni yao ilizimwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Agosti 1978, Kenyatta alifariki na Moi akaapishwa siku hiyo hiyo, akaongoza kwa miaka 24. Makamu ambaye wengi walimwona kama mtu wa kupita aligeuka kuwa Rais wa utoto wangu wote. Onyo lile la Njonjo lilikuwa la kisheria, lakini liliota mizizi kwa sababu lilikuta mwiko uliokuwepo tayari: mtu mzima hatajiwi kifo chake akiwa hai. Mgombea anaposimama na mwenza wake, kuuliza "na huyu akifa?" kunasikika kama laana, basi tunauliza mwenza anatoka kijiji gani.

Majirani zetu wameonyeshwa jibu bila ya kuuliza. Mwaka 2015, John Magufuli alipomchukua Samia Suluhu Hassan kutoka Zanzibar, uteuzi huo ulielezwa zaidi kwa kipimo cha Muungano, kwa kuwa Katiba ya Tanzania inataka Rais na Makamu watoke pande mbili tofauti, na kwa kipimo cha jinsia. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na siku mbili baadaye Samia aliapishwa. Malawi nayo ilipata Rais Joyce Banda Aprili 2012, baada ya Bingu wa Mutharika kufariki, ingawa wawili hao walikuwa wamekwisha kufarakana.

Kwetu lilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumwondoa Gachagua kwenye kiti cha Naibu Rais, wabunge 281 wakiunga mkono, na tarehe 17 Seneti ikaithibitisha. Kindiki, yule yule aliyeachwa miaka miwili iliyotangulia, aliapishwa mahali pake tarehe 1 Novemba. Siku chache kabla ya kura ya Bunge, tarehe 4 Oktoba, wananchi waliitwa kutoa maoni katika kaunti zote, nami nikaenda. Ukumbi ulijaa, fomu zikagawanywa, na watu wakawa wanabishana kwa sauti: wengine walisema, "Tulimchagua sisi, mnamtoaje nyinyi?" na wengine wakawajibu kwamba waliyemchagua ni Ruto.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu hakubishana na yeyote. Alinipa fomu yake na kalamu, akaniomba nimwandikie kwa kuwa macho yake yamechoka. Nilimuuliza niandike kwamba anaunga mkono au anapinga. Alifikiri kwa muda mrefu, watu wakiendelea kusukumana mbele yetu, kisha akasema, "Andika kwamba siku ile hatukuulizwa vizuri, na sisi wenyewe hatukuuliza." Fomu haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo. Niliandika pembeni kwa herufi ndogo, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaweka sahihi yake polepole.